Nyuki wa Upande wa Kushoto

Mbula alianza kucheza mchezo wa nyuki kwa sababu ya wageni wanaochelewa. Alikuwa dereva wa hoteli moja ya Diani, upande wa kuelekea Galu, na katika kazi ile barabara haikumpa tabu. Tabu ilikuwa kungoja. Mgeni atakwambia kwamba saa tatu atakuwa tayari, nawe utaleta gari mlangoni, utalipoza, utapanga chupa za maji, kisha yeye atarudi chumbani kutafuta kofia, na akishaipata kofia ataanza kumtafuta mke. Madereva wengine walikuwa wakijilalia vitini, miguu nje ya mlango. Mbula hakufanya hivyo. Alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa madereva wa pale, na alikuwa ameshaona kwamba mwanamume akilala garini huambiwa amechoka, lakini yeye akilala ataambiwa kazi imemshinda.

Basi akawa anakwenda kukaa katika chumba cha michezo, kando ya bwawa la kuogelea, ambako palikuwa na feni na msichana wa kuzungumza naye. Msichana huyo aliitwa Kadzo, Mduruma wa kule Samburu ya Kwale. Kazi yake ilikuwa kugawa taulo za bwawani na kutunza vitu vya chumba kile: meza ya biliadi, meza ya tenisi, na mashine moja kuukuu iliyosimama pembeni kama kabati. Mashine ile ililetwa na mwenye hoteli wa kwanza, na hoteli ilipouzwa, ikauzwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuibeba. Ilikuwa na kioo kilichoinama kidogo, kijiti cha kuongozea ambacho Mbula alikiita gia, na kitufe chekundu kilicholika rangi. Haikufanya kazi ila kwa sarafu zake maalumu, na sarafu hizo zilikaa katika kopo la Kadzo.

"Shikamoo, mama. Jaribu basi," Kadzo alimwambia siku ya kwanza, akamtumbukizia sarafu. "Watoto wa Kizungu wakicheza mara moja hawairudii. Wanasema haina rangi."

Kioo kikawa giza lenye nyota. Chini yake kilikuwapo chombo kidogo cheupe cha angani. Chombo hicho hakipandi wala hakirudi nyuma. Kinakwenda kushoto na kulia tu, na ukibonyeza kitufe kinatema risasi kwenda juu. Huko juu maadui wakaanza kuingia kwa misururu, wakizunguka kama wanaotafuta pa kutua, hata wakajipanga safu kwa safu. Walikuwa na mabawa na matumbo ya mistari, ndiyo sababu wafanyakazi wote wa hoteli waliwaita nyuki. Wakishajipanga hawatulii. Mmoja hujichomoa safuni, akapinda, akashuka kwa mkunjo huku akidondosha risasi zake. Kisha hushuka wawili. Kisha watatu, huyu kutoka huku na yule kutoka kule, na wakikukosa huzama chini ya kioo na kuibuka tena juu. Mchezaji ana roho tatu. Kila anapomaliza kundi zima, huja kundi jingine lenye kasi zaidi, na mchezo hauna mwisho ila wa mchezaji kuishiwa na roho.

Siku hiyo Mbula aliishiwa na roho kabla hajajua kidole akiweke wapi. Akacheka, akaomba sarafu nyingine.

Baada ya miezi kadhaa hakukuwa na mtu wa kumshinda, si mfanyakazi wala mgeni. Aligundua mwenyewe kwamba siri ni kutowatazama nyuki. Ukimkodolea macho mmoja, mwenzake atakuua. Yeye alitazama katikati, pale pasipokuwa na kitu, akayaacha macho yashike kioo chote kwa pamoja, kama vile dereva anavyotazama barabara bila kuitazama. Alikaa kwenye pembe mpaka safu ya mwisho ishuke, akawapitia katikati, akawamaliza. Aliogopa, lakini hofu ile ilikuwa tamu, hofu ya dakika chache inayokwisha mgeni akitokea na kofia yake. Mashine huandika herufi tatu za aliyepata pointi nyingi, na kwenye orodha ile ya juu, kuanzia wa kwanza hadi wa tano, paliandikwa MBU, MBU, MBU.

Kisha ukaja mwaka aliotimiza miaka arobaini na minane, na akaanza kufa ovyo.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Chombo chake kilikuwa kimetulia, risasi zinatoka, na ghafla kinalipuka bila yeye kuona kilicholipua. Siku ya pili vilevile. Siku iliyofuata alijitahidi kukumbuka kila kifo kilivyotokea, na alichokigundua hakikumpendeza: nyuki wa kulia aliwaona wote, nyuki waliomuua walikuwa wa kushoto, wale wanaoshuka chinichini karibu na ukingo wa kioo. Hakuwa akiwachelewea. Hakuwaona kabisa. Palikuwa na nyota na giza, basi, halafu mlipuko.

"Kadzo, hiki kioo kimeungua upande huu," alisema. "Waambie mafundi."

Kadzo akaja, akacheza. Kadzo hakuwa mchezaji. Alipigapiga kitufe kama anayeua mbu, na roho zake zote tatu zikaisha upesi. Lakini nyuki wa kushoto waliposhuka, aliwakwepa.

"Mbona hawa hapa naona wanashuka vizuri, mama," alisema.

"Labda inakuja na kuondoka."

"Labda," Kadzo alijibu, akarudi kwenye taulo zake.

Mbula aliendelea kucheza kwa majuma kadhaa, ila sasa hakuwa akicheza, alikuwa akijipima. Alijifunza kupiga risasi upande wa kushoto hata kama hakuona kitu, kwa kukisia kwamba lazima yuko mmoja hapo. Mara nyingine alipata. Chombo kilipobaki hai alipumua kama mtu aliyeponea jambo kubwa, na kilipolipuka alitoka nje akasimama juani, akafumba macho na kuyafumbua.

Alichokuwa akikiogopa ni yale yaliyompata baba yake. Mzee Kilonzo alikuja zamani kutoka Ukambani, akapata shamba katika skimu ya makazi ya Shimba Hills, akalima machungwa na mahindi, akazaa watoto wawili, Mbula na Musyoki. Mbula alipokuwa msichana wa shule, baba yake alianza kumwaga uji. Bakuli likiwekwa upande mmoja wa mkeka alilipiga kumbo, na watoto walicheka, naye akacheka pamoja nao. Baadaye akaanza kugongana na mbuzi. Baadaye tena hakutoka uani bila mtu. Majirani wengine walisema ni uzee, ingawa hakuwa mzee, na wengine wakasema kuna mtu alimtazama vibaya. Hospitali alipelekwa akiwa haoni tena hata mwanga wa mlango. Mpaka alipokufa ilikuwapo kamba ya katani iliyofungwa kutoka mlango wa nyumba hadi choo, naye alikuwa akiifuata kwa mkono. Kamba ile ndiyo iliyomjia Mbula kila alipolala katika chumba chake cha kupanga cha Ukunda, alichoishi na binti yake Caroline, huku mumewe Kaindi akitunza shamba kule juu, Shimba Hills.

Asubuhi moja, Caroline alipokwenda kuoga, Mbula alisimama katikati ya chumba akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Alibaki na la kushoto peke yake. Aliona kishikio cha mlango na kipande cha kalenda. Pembeni pote, juu na chini, palikuwa na ukungu wa kijivu, kama mtu anayechungulia kwa mrija. Aliondoa kiganja haraka. Chumba kikarudi. Hakujaribu tena, na hakumwambia mtu.

Aliendelea kuendesha. Alijiambia kwamba anaijua barabara yote kuanzia Ukunda hadi Msambweni, kila tuta na kila shimo. Alizoea kugeuza shingo mara kwa mara kuelekea kushoto, mpaka mgeni mmoja akamuuliza kama shingo inamuuma. Huku kwetu gari huendeshwa kushoto mwa barabara, na dereva hukaa kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto ndio upande wa watu: wanafunzi, akina mama wenye ndoo, baiskeli, boda boda zilizosimama kungoja abiria. Mbula alilijua hilo kila siku alipowasha gari, na kila siku aliwasha.

Lililotokea lilitokea Kinondo, mchana mweupe, akiwapeleka wageni wawili mahali pa kuvukia kwenda kisiwa cha Chale. Barabara ilikuwa wazi. Alisikia tu kishindo kidogo, kama mtu aliyebisha mlango, na kioo cha pembeni cha upande wa kushoto kikajikunja. Alikanyaga breki. Katika kioo cha katikati aliona baiskeli imelala kwenye majani, tairi la nyuma linazunguka, na kreti limepasuka. Mikate ilitapakaa barabarani.

Mwenye baiskeli alikuwa amekwisha simama. Aliitwa Kombe, mtu wa makamo, na kila siku aliwapelekea wenye maduka mikate. Kiwiko kilichubuka, basi. Mbula alimshika mkono, akampa pole, akamuuliza mara tatu kama kuna mahali panapouma. Kombe alikuwa akimtazama usoni tu kwa namna ambayo Mbula hakuielewa. Mikate Mbula aliilipia yote. Mmoja wa wageni, mama wa Kizungu, aliteremka akasaidia kuokota.

Alipofika hotelini, msimamizi wa magari, Suleiman, alikiona kile kioo cha pembeni.

"Kumetokea nini, Mama Caro?"

"Mtu wa baiskeli aliyumba, Bwana Suleiman. Alikuwa na mzigo. Ameniingilia."

"Ameumia?"

"Hakuumia. Alhamdulillahi," akasema, ingawa yeye ni wa kanisani, kwa sababu alitaka kumridhisha.

Suleiman alimwamini. Katika miaka yote aliyofanya naye kazi, Mbula hakuwahi kumpa sababu ya kutomwamini. Kuaminiwa kule kulimkaa kifuani kuliko kama angegombezwa.

Kesho yake alikwenda chumba cha michezo. Alitaka sarafu moja tu, atulize mikono. Kadzo alikuwa akikunja taulo, na hakunyanyua kopo.

"Mama, nikuambie jambo, lakini usinikasirikie."

"Sema."

"Mimi husimama nyuma yako ukicheza. Nimesimama siku nyingi. Kila anayekuua anatoka hapa," alisema, akagusa ukingo wa kushoto wa kioo kwa kidole. "Na huwa namwona akitoka juu, namwona akipinda, namwona akija, nataka kukwambia angalia, nawe umetulia kama hakuna kitu. Mashine haina ubaya wowote. Mafundi wamekuja wameitazama."

Mbula aliutazama ukingo ule.

"Na jana nimesikia habari za Kinondo. Mimi napanda gari lako jioni, mama. Sisi sote wa zamu ya mchana tunalipanda. Kesho nikipanda, nikae upande gani?"

Swali lile halikuwa la kumkejeli. Msichana aliuliza akiwa na machozi, na taulo mkononi. Lakini Mbula alikasirika. Alimwambia kwamba kucheza ni kucheza na kazi ni kazi, kwamba alianza kuendesha magari Kadzo akiwa angali anabebwa mgongoni, na kwamba mtu wa taulo ashughulike na taulo. Akatoka. Alikaa garini madirisha yakiwa yamefungwa, na mgeni wake alipokuja, kwa mara ya kwanza hakuchelewa.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, badala ya kupanda Shimba Hills kwa Kaindi, alikwenda kliniki ya macho. Hakumwambia Caroline. Alikaa kwenye benchi miongoni mwa wazee wenye mtoto wa jicho, akawa na aibu kana kwamba ameketi mahali pasipo pake.

Walimpima presha ya macho, na aliyempima alirudia kupima bila kusema kwa nini. Kisha akapelekwa katika chumba chenye giza, kwa kijana aliyeitwa Baya, ambaye kazi yake ilikuwa kupima macho yanaona kwa upana gani. Palikuwa na chombo kama bakuli kubwa jeupe lililosimamishwa wima. Baya alimfunika jicho la kushoto, akamwekesha kidevu mahali pake, akampa kitufe kilichofungwa kwenye waya.

"Mama, utatazama hiyo taa ya manjano iliyo katikati. Usiiache. Pembeni zitakuwa zikiwaka nukta za mwanga, nyingine hafifu sana. Ukiiona nukta yoyote, bonyeza. Lakini jicho lisiondoke katikati."

Mbula alikaribia kucheka. Hilo ndilo alilolifanya kwa miaka. Alitazama katikati, pasipo na kitu, akaliacha jicho lishike bakuli lote. Nukta ikawaka juu, akabonyeza. Ikawaka kulia, akabonyeza. Ilikuwa na mwendo wake, akaushika upesi: mwanga, kituo, mwanga, kituo. Na kituo kilipozidi kurefuka bila mwanga, alijua pako pahali nyuki anashuka asimwone, akabonyeza vilevile. Alikuwa amekaza meno. Alitaka kushinda.

Baya akaizima mashine.

"Mama, unabonyeza hata pasipokuwa na mwanga. Mashine hii hunyamaza mara nyingine kwa makusudi, ili imjue anayekisia."

"Nimekosa ngapi?"

"Hapa hakuna kukosa wala kupata. Ukinipa majibu mazuri ya uongo, nitakurudisha nyumbani na maradhi yako, nawe utafurahi mpaka yakumalize." Alisema kwa upole, kama anayezungumza na mama yake. "Tuanze upya. Usichokiona, kiache kipite."

Wakaanza upya. Safari hii Mbula alingoja. Nukta zilizowaka kulia alizibonyeza. Halafu akasikia mashine inatoa sauti ndogo ya kugeuza taa yake, tik, na bakuli likabaki jeupe. Tik, na hakuna kitu. Aliisikia ikizunguka, ikiwasha taa moja baada ya nyingine mahali fulani mbele ya uso wake, naye ameshika kitufe na kidole kimelala. Hakuwahi kuogopa namna ile. Kutoona hakukuwa na giza, hakukuwa na maumivu, hakukuwa na dalili yoyote. Kulikuwa na sauti tu. Walipohamia jicho la kushoto kimya kilikuwa kirefu zaidi, na machozi yalimtoka yakateremka hadi penye kidevu, naye hakuyapangusa kwa sababu aliambiwa asitikisike.

Daktari aliyemwonyesha karatasi alikuwa mwanamke mtu mzima. Duara la jicho la kushoto lilikuwa karibu lote jeusi. La kulia lilikuwa na weusi upande wa pua, chini.

"Hii ni glakoma, ndiyo watu huita presha ya macho," alisema. "Jicho la kushoto limeliwa sana. La kulia limeanza kuliwa hapa, upande unaoelekea kushoto. Kwa hiyo ukitazama mbele, chini kushoto huna jicho la kukusaidia. Na hukuhisi kwa sababu akili hujaza pengo kwa kile inachokitarajia. Ukitarajia barabara tupu, utaona barabara tupu."

"Nuru itarudi?"

"Iliyokwenda hairudi. Tunailinda iliyobaki, kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuacha. Nyumbani kwenu yuko aliyewahi kupofuka?"

"Baba."

"Ndugu zako wapimwe, na watoto wako. Wewe unafanya kazi gani?"

"Niko hotelini."

"Kazi gani hotelini?"

Mbula alitazama mikono yake. Aliona jibu jingine likija mdomoni, jepesi, la kufua au la kupika, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi.

"Dereva," alisema.

Daktari aliweka kalamu chini, na alichokisema baada ya hapo Mbula alikwisha kukijua.

Hata hivyo kesho yake alikwenda kazini. Alijiambia kwamba atazungumza na Suleiman mwisho wa siku. Bahati ikamsaidia au ikamponza: mchana kutwa hapakuwa na safari ya wageni. Ilipofika zamu ya kurudisha wafanyakazi, funguo zilikuwa mkononi, gari mlangoni, na Suleiman hakuonekana. Watu wakapanda wakizungumza. Mara ya mwisho, alijisemea, na nitakwenda polepole.

Kadzo alikuja wa mwisho. Nafasi za nyuma zilikuwapo. Hakwenda huko. Alifungua mlango wa mbele akakaa karibu na Mbula, dirisha la kushoto, mkoba mapajani, akamwamkia: "Shikamoo, mama." Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile.

"Marahaba."

Mbula aliwasha gari. Alitazama mbele, kwenye lango, kama dereva anavyopaswa kutazama. Pale chini kushoto, ilipokuwa mikono ya Kadzo na mkoba wake, hapakuwa na mikono wala mkoba. Palikuwa na kiti. Alikiona kiti chenyewe, rangi yake na mshono wake, kitupu. Akageuza shingo: mikono ya Kadzo ilikuwa imeushika mkoba kwa nguvu mpaka vidole vimekakamaa. Akatazama mbele tena, na vidole vikapotea.

Akazima gari.

"Vipi, dereva?" mtu wa nyuma aliuliza.

"Shukeni kidogo," Mbula alisema. "Nisameheni. Mtapata dereva mwingine sasa hivi." Kisha akamgeukia Kadzo, mwili mzima. "Niitie Bwana Suleiman."

Alimweleza Suleiman ofisini, amesimama, funguo zikiwa mezani. Alimweleza kliniki, na jicho, na baiskeli ya Kinondo, kwamba Kombe hakuyumba. Suleiman alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku hiyo sauti ilizidi kushuka.

"Tangu lini, Mama Caro?"

"Kujua kwa hakika, jana. Kushuku, ni miezi mingi."

"Umebeba watoto katika miezi hiyo. Umenibebea wanangu kuwapeleka Msambweni kwa bibi yao."

"Najua."

"Laiti ungeniambia." Alifungua droo akaweka funguo ndani, akaifunga. "Allah amesitiri," alisema. "Lakini mimi na wewe tutakwenda Kinondo."

Walikwenda, Suleiman akiendesha. Kombe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba siku ile aligeuka na kumwona Mbula akija, akamtazama machoni, naye Mbula akamtazama vilevile, moja kwa moja, kisha akampamia. "Nikadhani umenifanya si mtu," alisema. "Hilo ndilo lililoniuma. Mikate si kitu." Mbula alimpa pole, na Kombe aliipokea.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Hoteli ilimwambia akae nyumbani mpaka iamue, naye alikaa na chupa yake ndogo ya dawa, akiogopa kusahau tone, akiogopa kuzidisha, akifunika jicho moja na kulifunua mpaka Caroline akamwomba aache. Caroline alikuwa ameambiwa yote, na hakulia mbele ya mama yake. Kaindi aliteremka kutoka shambani na gunia la machungwa, akakaa siku nzima akizungumzia mvua. Alipokuwa akiondoka alisema kwamba kule nyumbani ile kamba ya mzee alikwisha ikata zamani, na haitafungwa nyingine.

Mwishowe Suleiman alimwombea nafasi ya kupanga safari ofisini: kupokea simu za wageni, kusema gari lipi liende wapi na dereva nani. Si kazi aliyoipenda. Aliyechukua gari lake ni kijana mwenye kupenda simu, na kila anapotoka langoni Mbula husimama dirishani akahesabu moyoni mpaka amtumie ujumbe kwamba amefika. Akikawia, humpigia, kisha hujuta kwa kumpigia akiwa anaendesha. Madereva humcheka kwa hilo. Chumba cha michezo hupita mara nyingine kumsalimu Kadzo, ambaye walipatana bila maneno mengi. Mashine haigusi. Ingawa daktari hakumkataza, hawezi tena kuuona ule mchezo kuwa mchezo.

Caroline alipimwa mwezi uliopita. Baya alimwingiza katika chumba cha giza, na Mbula akabaki kwenye benchi nje, karibu na mlango. Ubao wa mlango ulikuwa mwembamba. Aliisikia mashine ikigeuza taa, na baada yake akisikia kitufe, na kila mashine ilipolia bila kitufe kufuata, alishika ukingo wa benchi. Hakuwa na njia ya kujua kama ni pengo la jicho au ni ule unyamavu wa makusudi. Caroline alipotoka alikuwa akipikicha macho. Daktari alisema ni mazima, kwa sasa, ila arudi kila mwaka.

Aliyebaki ni Musyoki. Yeye yuko Shimba Hills, huendesha boda boda, hubeba machungwa na watoto wa shule. Mbula amempigia simu mara nyingi. Kwanza alisema macho yake hayana neno. Kisha akasema atakuja akimaliza kuvuna mahindi, na mahindi yamevunwa. Juzi Mbula alimwuliza waziwazi kama kuna upande anaogongagonga vitu.

"Hiyo kliniki hufunguliwa Jumamosi?" Musyoki aliuliza.

"Haifunguliwi. Njoo siku ya kazi. Nitakuombea gari likuchukue."

"Nitaona," Musyoki alisema.

Mbula alibaki ameshika simu. Nje yule kijana dereva alikuwa akiwasha gari kupeleka wageni uwanja wa ndege wa Ukunda, na wageni, kama kawaida yao, hawakuwa wametoka.